Bluzi na Muziki wa Mali Jukwaani: Undugu Ulivyo na Unavyotangazwa

Waketishe pamoja mpiga gitaa wa Mississippi, anayepiga bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, na mpiga kora wa Mali, na kabla ya wimbo wowote itabidi walinganishe sauti za ala zao. Kora ni kinubi cha nyuzi 21 kilichojengwa juu ya nusu ya kibuyu kikubwa kilichowambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji hushika vishikio viwili na kuzicheza nyuzi kwa vidole gumba na vidole vya shahada. Nyuzi hizo hukazwa kwa mitindo kadhaa yenye majina yake, kama vile sauta na tomora, na katika mitindo hiyo zipo sauti zinazokaa juu kidogo au chini kidogo ya pale ambapo piano ingeziweka. Mwenye gitaa anaweza kuuvuta uzi kwa kidole, au kuutelezeshea shingo ya chupa, mpaka aikute sauti ya mwenzake. Mwenye kora hana nafasi hiyo wimbo ukishaanza. Basi anayesogea ni Mmarekani.

Halafu kuna mwendo wa wimbo wenyewe. Bluzi iliyozoeleka ina baa 12, yaani vipande 12 vya mapigo vilivyo sawa kwa urefu: gitaa huanzia kwenye sauti ya msingi, huhamia ya nne, hurudi, hupanda ya tano, hushuka tena nyumbani. Muziki wa kora na wa ngoni, chombo cha nyuzi kinachofanana na gitaa dogo, hauna haja ya safari hiyo. Mpiga ngoni huchukua kipande kifupi cha sauti na kukizungusha, na raha yake imo katika namna kila mzunguko unavyobadilika kidogo bila kuhama mahali pake. Hapa pia, mara nyingi, anayekubali kuacha kitu ni Mmarekani. Anaziweka kando zile baa 12 na kukaa kwenye sauti moja, jinsi walivyokuwa wakipiga wanabluzi akina John Lee Hooker na Fred McDowell.

Maafikiano hayo mawili yanatufundisha mengi kuliko tangazo lililobandikwa nje ya ukumbi. Tangazo litasema bluzi imerudi nyumbani, au kwamba bluzi ilizaliwa Mali. Nusu ya kauli hiyo ni kweli, nami naithamini. Lakini nusu inayoachwa nje ndiyo inayowapa haki watu wa pande zote mbili: Wamarekani weusi, waliotunga kitu ambacho hakikuwapo popote Afrika, na watu wa Afrika Magharibi, ambao muziki wao haukukaa mahali pamoja ukingoja kuambiwa kuwa ni babu wa muziki wa wengine.

Tuanze na hesabu. Wanahistoria wanakadiria kwamba Waafrika milioni 12.5 walipakiwa melini kuvushwa Atlantiki, na kwamba milioni 10.7 hivi ndio waliofika wakiwa hai. Wengi mno walipelekwa Brazil na visiwa vya Karibi. Walioshushwa moja kwa moja katika ardhi ambayo leo ni Marekani hawakufika 400,000. Karibu robo ya hao walitoka Senegambia, yaani ukanda wa mito Senegal na Gambia pamoja na bara lililo nyuma yake, ambako ndiko Wamandinka, Wawolofu, Wafulani na Wabambara wanakoishi. Robo nyingine hivi walitoka Kongo na Angola. Wengi wa waliobaki walichukuliwa katika pwani iliyo katikati, kuanzia Sierra Leone hadi Ghuba ya Biafra. Watu wa pwani yetu ya Mashariki wengi walivushwa upande mwingine, kwenda Uarabuni, Ghuba na visiwa vya Bahari ya Hindi, ndiyo maana simulizi hii haituhusu sana kwa damu, ingawa masikio yetu yana mengi ya kuitambua.

Robo inaweza kuonekana ndogo. Lakini katika Brazil na Cuba watu wa Senegambia walikuwa sehemu ndogo zaidi, na huko ngoma na kengele za watu wa Kongo, wa Yoruba na wa Dahomey ndizo zilizotawala. Sikiliza muziki wa Cuba: kuna mpigo mmoja usiobadilika, unaogongwa kwenye chuma au vijiti, na wanamuziki wote wanauegemea. Bluzi haina mpigo huo. Gerhard Kubik, mtafiti wa muziki kutoka Austria aliyezunguka Afrika kwa miongo mingi na kufanya kazi hata Tanzania, aliliona pengo hilo akaligeuza kuwa ushahidi. Ukiondoa mpigo wa kengele na mafungu makubwa ya ngoma, ukabakiza mtu mmoja anayeimba kwa sauti ya kuyumbayumba huku akijipigia chombo cha nyuzi, kwa skeli ya sauti tano, Kubik anakuambia utazame savana: Mali, Burkina Faso, kaskazini ya Ghana na Nigeria, Niger, mpaka kaskazini ya Kamerun. Misitu ya pwani, ambayo wengi huifikiria wanaposikia "muziki wa Afrika", ina mchango mdogo zaidi katika bluzi kuliko nchi kavu za ndani.

Mazingira ya Marekani nayo yalichuja. Septemba 1739 watumwa wa South Carolina waliasi karibu na mto Stono, wakitembea kwa mlio wa ngoma. Mwaka uliofuata koloni hilo lilipitisha sheria kali iliyowakataza watumwa ngoma na baragumu, kwa kuwa mabwana walikuwa wameshaelewa kwamba vyombo hivyo vinaita watu. Vyombo vya nyuzi havikuwatisha. Tena mabwana walipenda kuwa na mtumwa anayejua fidla ili apige kwenye dansi zao. Mtu wa savana aliyekuwa akipiga zeze la uzi mmoja kwao alikuwa na ujuzi wa upinde mkononi tayari, na ujuzi huo uliruhusiwa kuishi.

Banjo, chombo cha nyuzi cha Marekani chenye tumbo lililowambwa ngozi, ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote. Daktari Hans Sloane, mzaliwa wa Ayalandi, alikuwa Jamaica kati ya mwaka 1687 na 1689, na kitabu alichokichapisha mwaka 1707 kina picha ya vyombo vya nyuzi vya watumwa, vyenye matumbo ya kibuyu. Thomas Jefferson, mwenye watumwa ambaye baadaye alikuwa rais, aliandika miaka ya 1780 kwamba chombo cha watu hao walikuja nacho kutoka Afrika. Karne ya 19 Wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwadhihaki weusi majukwaani waliichukua banjo, wakaifanya alama ya dhihaka hiyo, hata Wamarekani weusi wengi wakaipa kisogo na kushika gitaa. Ilipofika mwaka 2000, Daniel Laemouahuma Jatta wa Gambia aliwaonyesha wakusanyaji wa banjo wa Marekani akonting, chombo cha Wajola chenye nyuzi tatu na tumbo la kibuyu. Kilichowashangaza zaidi ya umbo lake ni mkono: ukucha unashuka juu ya uzi mrefu, kidole gumba kinaudaka uzi mfupi, kama wapigavyo wazee wa banjo katika milima ya Marekani Kusini. Mbao na ngozi vinaweza kufanana popote duniani kwa bahati tu. Mwendo wa mkono uliorithishwa kwa zaidi ya miaka 200 ni ushahidi mgumu kuukana.

Kwamba muziki wa nyuzi wa savana ni wa kale hatuna shaka, na shahidi wetu mmoja anafahamika vizuri pwani yetu. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alifika Mali mwaka 1352, na ameeleza jinsi sultani alivyotoka akitanguliwa na waimbaji wenye vyombo vya nyuzi vya dhahabu na fedha mikononi. Tunaongelea utamaduni uliokuwa umekomaa miaka mingi kabla ya meli ya kwanza ya watumwa kuelekea Amerika.

Sasa sauti ya mwimbaji. Mwanahistoria Sylviane Diouf amekuwa na desturi ya kuwasikilizisha watu mambo mawili mfululizo: kwanza adhana, kisha wimbo wa kazi wa Wamarekani weusi waliojenga kingo za mto Mississippi, uliorekodiwa na Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, katika gereza la Parchman, Mississippi, miaka ya 1940. Msomaji wa Lamu, Tanga au Ujiji hahitaji kufundishwa anachokusudia. Irabu moja inavutwa, inapandishwa, inatetemeshwa, inashushwa kwa vituo, kisha kimya, kisha inaanza tena juu. Haisemwi hapa kwamba adhana ni muziki, na Diouf mwenyewe hadai kwamba mtu alikaa akageuza adhana kuwa bluzi. Anasema kwamba waliopelekwa kutoka Senegambia wengi walikuwa Waislamu, na namna ya kutumia koo waliyokulia nayo, katika kisomo na katika kuitana, ilisafiri nao. Waislamu hao hawakuwa watu wa kubuni. Omar ibn Said wa Futa Toro alifikishwa Charleston mwaka 1807, na mwaka 1831 aliandika habari za maisha yake kwa Kiarabu akiwa bado mtumwa huko North Carolina.

Hoja hii naipenda, lakini naona inapokelewa kwa pupa. Makanisa ya Wabaptisti weusi nayo yalikuwa na namna ya kuimba tenzi za Kiingereza ambapo kiongozi hutamka mstari na waumini huurefusha kwa sauti za mawimbi, na watunzi wa bluzi wengi walilelewa humo. Koo moja linaweza kuwa na walimu wawili.

Hapo ndipo hesabu nyingine inapoingia. Kuingiza watumwa wapya kutoka nje kulipigwa marufuku Marekani kuanzia tarehe 1 Januari 1808. Magendo yaliendelea, lakini kwa idadi ndogo. Bluzi inaanza kusikika na kutajwa na mashahidi mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. W. C. Handy, mtunzi na kiongozi wa bendi, alisimulia jinsi alivyokuwa akisubiri treni katika stesheni ya Tutwiler, Mississippi, karibu mwaka 1903, akamsikia mtu mweusi mwenye nguo zilizochakaa akibonyeza nyuzi za gitaa kwa kisu huku akiimba kuhusu njia panda ya reli. Kutoka 1808 hadi 1903 ni karibu karne nzima. Mwimbaji yule wa Tutwiler hakuwa mtu wa Mali. Alikuwa mjukuu au kilembwe wa watu waliochanganyika shambani na watu wa Kongo, wa Igbo, wa Akan, na waliosikia kila siku nyimbo za Waskoti, za Waayalandi na za kanisa.

Hata ardhi yenyewe ilikuwa mpya. Delta ya Mississippi, ambayo leo huongelewa kama chemchemi ya kale ya bluzi, sehemu yake kubwa ilikuwa msitu na kinamasi mpaka baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Shamba la Dockery, alikoishi mwanabluzi Charley Patton, lilianzishwa mwaka 1895. Walioikata misitu hiyo, wakajenga kingo za mto na reli, ni watu waliokuwa huru kwa karatasi tangu 1865, huku wakifungwa kwa madeni ya ukulima wa nusu kwa nusu, kwa sheria za ubaguzi, na kwa hofu ya kunyongwa na kundi la Wazungu wenye hasira. Gitaa la bei nafuu lilikuja kwa posta kutoka kwa makampuni ya Chicago yaliyouza kwa katalogi. Uhuru wa kuondoka, hata kama ni kuondoka bila senti, ulikuwa jambo jipya, na ndiyo maana treni zimejaa katika mashairi haya.

Humo ndimo lilimozaliwa jambo ambalo Afrika Magharibi haikulipeleka, yaani nafsi ya "mimi". Jeli wa Mali, yaani msimulizi na mwimbaji wa ukoo kama akina Kouyaté na Diabaté, huzaliwa katika kazi yake. Hukumbuka nasaba, huwasifu walezi wake, hupatanisha waliogombana, huitoa hadithi ya Sundiata Keita, mwanzilishi wa dola ya Mali katika karne ya 13, kwa niaba ya jamii nzima. Mwimbaji wa bluzi hana mlezi wala nasaba ya kutaja. Anaimba kwamba mkewe ameondoka, kwamba bosi hakumlipa, kwamba yeye mwenyewe ataondoka alfajiri. Samuel Charters, Mmarekani aliyekwenda Afrika Magharibi miaka ya 1970 kutafuta mizizi ya bluzi kwa wajeli, alirudi akikiri kwamba alichokuta ni kitu kingine, na kwamba bluzi ni wimbo mpya uliotungwa kwa maisha mapya. Nakubaliana naye, ingawa nadhani alibisha mlango ambao haukuwa wa jirani wa karibu kuliko wote. Mali haina wajeli peke yao. Wawindaji wa Wassoulou, eneo la kusini mwa Mali, wana donsongoni yao, kinubi cha sauti nzito cha skeli ya sauti tano, na kukipiga hakuhitaji uzaliwe katika ukoo fulani. Vijana wakaunda ndugu yake mdogo, kamalengoni, kwa ajili ya dansi, na mwimbaji Oumou Sangaré akaisikilizisha dunia. Mtu aliyeizoea Mississippi akisikia kamalengoni ikizunguka chini ya sauti ya mwimbaji mmoja, atatikisa kichwa kabla hajaelezwa lolote.

Zile sauti za bluzi zinazokaa katikati, hasa ya tatu na ya saba, ambazo si za furaha kamili wala za huzuni kamili, nazo zimo katika mseto huu. Mtu mwenye masikio ya savana amepewa gitaa lililogawanywa kwa vipimo vya Ulaya. Sauti anayoitaka haimo kwenye chombo, basi anauvuta uzi au anateleza kwa kisu mpaka aipate. Zile sauti tatu za baa 12 ni za Ulaya, zilipitia kanisani na kwenye bendi. Kinachoimbwa juu yake kinazikataa kidogo muda wote, na mvutano huo ndio unaoifanya bluzi iwe bluzi. Ukiiondoa Afrika unabaki na wimbo wa kawaida wa kanisa, na ukiiondoa Marekani bluzi haipo tena.

Fundo linazidi kukaza tukifika karne ya 20, kwa sababu muziki ulianza kurudi kwa santuri. Mamie Smith alirekodi bluzi ya kwanza iliyoimbwa na mwanamke mweusi mwaka 1920, na ndani ya miaka michache biashara ya santuri ilikuwa imeshika moto. Baada ya uhuru wa nchi za Afrika Magharibi, vijana wa Bamako walikuwa wakicheza santuri za Cuba, za Ufaransa na za Wamarekani weusi katika klabu zao za mitaani. Mpiga gitaa wa Mali Ali Farka Touré, aliyezaliwa mwaka 1939 na kukulia Niafunké kando ya mto Niger, alianza na jurkel ya uzi mmoja na njarka, zeze dogo la Wasonghai. Mwaka 1956 alimwona Keita Fodéba wa Guinea akipiga gitaa, akaamua kuzihamishia humo nyimbo alizokuwa nazo. Miaka zaidi ya kumi baadaye, Bamako, rafiki yake mwanafunzi alimwekea santuri za Wamarekani, zikiwemo za John Lee Hooker. Ali Farka alisimulia mara nyingi kwamba alidhani anamsikia mtu wa kwao. Alishikilia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba Hooker alikuwa na majani na matawi, yeye ana shina na mizizi.

Je, Ali Farka anafanana na Hooker kwa sababu ya asili moja, au kwa sababu alimsikia? Naamini majibu yote mawili ni sahihi, na hakuna haja ya kumvunjia heshima kwa lolote kati yake. Gitaa lake lilikuwa limeshajengwa juu ya njarka na jurkel kabla ya Hooker kumfikia. Ila baada ya kumsikia alijua kwamba dunia ina masikio ya sauti hiyo, na alipokwenda kupiga Ulaya mwaka 1987 wasikilizaji walimpokea wakiwa wameshamwekea jina la bluzi. Alilikataa kwa ukali. Aliimba kwa Kisonghai, Kifulfulde, Kitamasheki na Kibambara, kuhusu majini wa mto, kilimo na wajibu, na alitaka aulizwe kuhusu hayo.

Jina lilimfuata hata hivyo, na kufuata wengine. Watuareg wa bendi ya Tinariwen, waliokusanyika Tamanrasset, Algeria, mwaka 1979 wakiwa wakimbizi na baadaye wapiganaji, hutangazwa kama "bluzi ya jangwani". Ibrahim Ag Alhabib, kiongozi wao, alijitengenezea gitaa la kwanza kwa kopo, fimbo na waya wa breki ya baiskeli. Muziki wao una makofi ya wanawake wanaopiga tende, ngoma ya Kituareg, una mashairi ya uhamisho na ya kiu ya nyumbani. Neno la wauza santuri liliwafungulia kumbi, na papo hapo likaifunika historia yao yenyewe ya vita na ukame. Bendi ya Songhoy Blues wao walilichukua kwa hiari: ni vijana, wengi wao wa kaskazini ya Mali, waliokutana Bamako mwaka 2012, baada ya makundi yenye silaha kuiteka Timbuktu na Gao na kupiga marufuku muziki. Walipojiita bluzi walikuwa wanadai sehemu yao katika jina ambalo lilikuwa limetumika kuwaelezea wakubwa zao bila kuulizwa.

Tukirudi jukwaani sasa, tuna mambo matatu yaliyosukwa pamoja katika wimbo mmoja: yaliyovuka na watumwa, yaliyotungwa Marekani, na yaliyorudi kwa santuri. Ukiyasikiliza hayo, baadhi ya kazi zinazosifiwa sana zinaonekana kwa sura nyingine. Ali Farka na mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder walirekodi pamoja Los Angeles, na albamu yao ya mwaka 1994 ikapata tuzo ya Grammy. Nguvu yake iko katika jinsi Cooder anavyojizuia: Hamma Sankaré anagonga kibuyu, Ali Farka anaushika mzunguko, na Mmarekani anajaza pembeni bila kuuvuta wimbo kwake. Mwaka 1999 mwanabluzi Mmarekani Taj Mahal na mpiga kora wa Mali Toumani Diabaté walitoa albamu ya Kulanjan, iliyorekodiwa Athens, jimbo la Georgia. Hiyo naiona ndiyo somo bora zaidi, kwa sababu Toumani hakuja peke yake. Alikuwapo Bassekou Kouyaté kwa ngoni, Kassé Mady Diabaté kwa sauti ile ya dhahabu, na kutoka upande wa Wassoulou Ramata Diakité pamoja na kamalengoni ya Dougouye Koulibaly. Taj Mahal akipiga na kora, unasikia watu wawili hodari wakipishana kwa adabu. Kamalengoni inapoingia, adabu inapungua na muziki unaketi chini. Ni kama ramani ya Kubik imepigwa kwa vidole.

Kuna vitu vingine vidogo vya kusikiliza ambavyo havihitaji utaalamu. Kimoja ni mteremko: kwa pande zote mbili mstari wa wimbo huanza juu na kuporomoka hadi sauti ya msingi. Kingine ni mazungumzo, mwimbaji akinyamaza chombo kinammalizia sentensi. Cha tatu ni mkwaruzo. Mpiga ngoni au kora wa zamani hufunga bati lenye vipete juu ya chombo ili kila uzi utoe mvumo wa pembeni, na Wagogo wetu hufanya jambo la jamii hiyo kwenye ilimba, wakifunika matundu yake kwa utando laini wa buibui. Sauti safi kama ya kinanda cha kanisani haikuwa tamanio la watu hawa. Amplifaya ya Chicago ilipokwaruza miaka ya 1950, hakuna mpiga bluzi aliyekimbilia kuitengeneza.

Shida ya matamasha mengi ya aina hii ni kwamba waandaaji huchagua nyota wawili, kwa kawaida gitaa la umeme na kora, halafu husubiri undugu ujionyeshe. Kora ni chombo kizuri mno, lakini ni cha kasri na nasaba, na bluzi ya baa 12 ni ya mjini. Wamekutanisha matawi yaliyo mbali kuliko yote. Ningepewa mimi kupanga usiku mmoja, ningeanza na akonting na banjo ya kibuyu, ili watu waone mikono. Ningefuatisha mwindaji wa Wassoulou na donsongoni yake pamoja na mpiga gitaa wa vilima vya kaskazini ya Mississippi, yeyote aliyekulia katika mtindo wa R. L. Burnside na Junior Kimbrough, ambao hawakuhitaji sauti tatu ili wimbo uende. Halafu ningeita filimbi na ngoma. Othar Turner, mkulima wa Mississippi aliyefariki mwaka 2003 akiwa na miaka 95, alijichongea filimbi za mwanzi na kuongoza kundi la ngoma katika sherehe za kuchoma mbuzi kijijini kwake, na mjukuu wake Shardé Thomas ameuendeleza muziki huo. Corey Harris, Mmarekani aliyekwenda kwa Ali Farka Niafunké, alimweka Shardé katika albamu ile ile aliyomweka Ali Farka. Mkutanishe Shardé na mpiga filimbi wa Kifulani, anayepuliza huku akiimba ndani ya filimbi, kisha waachie muda wa kutosha. Dakika nne za redio hazitoshi kwa muziki unaozunguka. Kora ningeileta mwisho, peke yake, ipige muziki wake yenyewe bila kutakiwa kuthibitisha chochote.